Boila lililokuwa likipona fundi akifika

Ilifika mahali nikaanza kumwona fundi kama mganga. Akiingia tu, ugonjwa unakimbia.

Tunaishi Leicester, Uingereza, na boila letu la gesi, lile linalopasha moto maji ya bombani na ya rejeta zinazotia nyumba joto, liko jikoni, ndani ya kabati karibu na sinki. Januari ile lilianza kuzima usiku wa manane. Tunaamka rejeta za ukutani za baridi, mtoto amelala na soksi mbili. Nikibonyeza kitufe cha kuwasha upya linavuma, linajaribu mara kadhaa, kisha linanipa namba ile ile ya hitilafu. Fundi anakuja saa tisa alasiri, anabonyeza mara moja, pu! moto umewaka. Mara ya kwanza akabadilisha betri za themostati, kile kifaa cha kupangia joto la nyumba. Mara ya pili akasafisha kile kijiti kinachohisi moto. Zote nililipa, na zote tulikaa siku nne tano kwa raha tukaamini limepona.

Mume wangu akataka tununue jipya. Nikamwambia, "Baba Salim, subiri kwanza." Pesa ile ndiyo ilikuwa nauli yetu ya kwenda Tanga.

Nikachukua daftari la Salim lililobaki kurasa, nikawa naandika: saa lilipozima, presha ya maji kwenye geji, tulikuwa tukitumia rejeta au maji ya moto tu, na hali ya hewa nje. Presha haikuwa na neno; kila asubuhi, boila likiwa limepoa, ilisoma kati ya ba 1 na 1.5, kama inavyotakiwa. Safu ya hali ya hewa, kusema kweli, niliiweka kujaza ukurasa. Kumbe ndiyo iliyosema. Lilizima mara sita katika wiki tatu, zote usiku wa chini ya nyuzi sifuri. Usiku wa mvua, hata ule upepo uliong'oa uzio wa jirani, halikuzima hata mara moja.

Mara ya saba Salim alikuwa jikoni anangoja uji. "Mama, boila linakunywa soda."

Nikatega sikio. Kila likijaribu kuwaka lilikuwa likigugumia, ile sauti ya mrija ukifika chini ya glasi.

Maboila haya ya sasa hupoza moshi wake mpaka mvuke uliomo unageuka maji, na maji hayo hutolewa nje kwa bomba la plastiki. La kwetu lilitokea ukuta wa kaskazini usioona jua, jembamba kama kidole gumba, halikuvikwa chochote, na katikati limelegea limefanya tumbo. Maji yakituama pale usiku wa baridi yanaganda. Yanayofuata yanakosa njia, yanarudi ndani, na boila linajizima kujilinda. Ikifika mchana barafu imeyeyuka. Hapo ndipo fundi anaegesha gari.

Nilijaza jagi maji ya vuguvugu (yanayochemka yanaweza kupasua plastiki), nikavaa koti juu ya kanga, nikamwagia pale kwenye tumbo. Jagi la nne nikasikia kitu kinaporomoka ndani, kisha maji yakashuka kwa kishindo hadi karoni. Nikarudi, nikabonyeza. Likawaka.

Ndani ya boila sikugusa. Gesi ni ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi wa huku. Nikampigia yule yule, safari hii nikampa daftari badala ya kumwonyesha boila. Alisoma akiwa amesimama na koti lake, akatoka nje moja kwa moja, hata mfuniko hakufungua. Wiki hiyo akaweka bomba la milimita 32 lenye mteremko wa kutosha, akalivika sponji nyeusi isiyoingiza maji.

Februari ukaja usiku wa nyuzi 6 chini ya sifuri. Niliamka saa tisa kwa mazoea, nikashuka na daftari. Boila lilikuwa linavuma. Nikaandika saa, nikaandika presha na baridi, na pale pa kuandika lilipozima nikachora mstari.