Daftari la Ukoo na Laini ya Marehemu

Mwaka wa tatu wa ukatibu wangu katika umoja wa ukoo wetu ulianza kwa msiba wa mweka hazina. Alikuwa mtu mwaminifu, na ninalisema hilo mapema kwa sababu yaliyofuata yanaweza kumfanya msomaji amdhanie vibaya. Kwa miaka sita alipokea ada ya mwezi, shilingi 5,000 kwa kila kaya, kupitia laini yake ya simu, na kila kikao alisoma hesabu bila kupungua hata mia. Tulipokuwa tunapanga maziko ndipo tulipogundua kwamba fedha yote ya ukoo imo katika laini ya marehemu, kwa jina lake, na kwamba mbele ya sheria haikutofautiana na mali yake nyingine. Mjane hakuwa na namba ya siri, na hata angekuwa nayo isingekuwa halali kuitumia. Ilitubidi tungoje familia ikae kikao na kumpendekeza msimamizi wa mirathi, Mahakama ya Mwanzo imteue, ndipo nasi tujitokeze na daftari letu kama wadai wengine. Jeneza, basi la kwenda Same na chakula cha waombolezaji tulivilipia kwa mchango uliopitishwa palepale msibani, wakati fedha iliyotengwa kwa kazi hiyohiyo imelala ndani ya simu iliyozimwa kabatini.

Nimelitafakari jambo hilo kwa muda mrefu, na kadiri ninavyolitafakari ndivyo ninavyoona kwamba fedha ilikuwa sehemu yake ndogo tu. Karibu kila tulichorithi tulikuwa tumekiweka kwenye laini ya mtu mmoja: mipaka ya shamba la ukoo alikuwa akiijua baba mkubwa mmoja, makaburi alikuwa akiyajua shangazi mmoja, na majina ya vizazi yalikuwa katika daftari moja lenye jalada la bluu ambalo limeliwa na mende upande wa chini.

Sisi ni Wapare wa Same tulio Dar es Salaam. Tunakutana Kimara, nyumbani kwa mmoja wetu, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi saa nane mchana, saa iliyochaguliwa kwa uangalifu kwa kuwa miongoni mwetu wamo Waadventista ambao Jumamosi hawagusi kazi, Walutheri ambao Jumapili asubuhi wako ibadani, na Waislamu ambao husema wao hawana tatizo, kisha ndio wanaochelewa. Ajenda ya kwanza huwa misiba, kila mara. Umoja huu, kama mingine mingi jijini, ulizaliwa kwa ajili ya kuzikana, na katika kuzika tumekuwa hodari: taarifa ikitolewa usiku katika kundi la WhatsApp, asubuhi kamati imekwisha gawana kazi na jioni basi limepatikana. Muulize kijana yeyote wa ukoo rambirambi hutumwa namba gani, atakujibu bila kufikiri. Muulize jina la babu wa babu yake, atatazama chini.

Suala la fedha lilitatuliwa bila maneno mengi. Tuliandika katiba, tukaanza utaratibu wa kusajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na tukakubaliana kwamba fedha itakaa benki kwa jina la umoja, watia saini watatu, mmoja wao akiwa mwanamke. Kulikuwa na mzee aliyelalamika kwamba tunaugeuza undugu kuwa ofisi. Nilimheshimu, lakini sikukubaliana naye.

Msitu ndio uliotutoa jasho. Wapare wa zamani walikuwa na misitu midogo ya ukoo iitwayo mpungi, mahali palipohifadhiwa mafuvu ya wazee waliotangulia na palipofanyiwa matambiko, na kwa sababu hakuna aliyethubutu kukata kuni humo, miti ilisimama hata pale vilima vya jirani vilipogeuzwa mashamba. Wa kwetu ni mdogo mno, nadhani hauzidi ukubwa wa kiwanja cha mpira, ila ukisimama chini ya miti yake saa sita mchana unahisi ubaridi shingoni na kusikia maji kabla hujayaona. Nilipopendekeza kikaoni kwamba sehemu ya ada itumike kuulinda, ukumbi uligawanyika. Wapo waliosema wazi kwamba hawawezi kutoa fedha yao kuilisha mizimu, na mmoja alinukuu Maandiko kwa dakika kumi. Wapo waliosema kwamba bila tambiko huo si mpungi tena, ni vichaka tu. Mimi ni Mlutheri na sijawahi kushiriki tambiko lolote, wala sikuona sababu ya kulazimisha upande mmoja ushinde; nilichoomba ni kwamba tuandike tu kwamba mahali hapo wamelala watu wetu na pana chemchemi, na kila mtu akifika pale afanye au asifanye kadiri ya imani yake. Azimio hilo lilipita, kwa kura chache za ziada.

Hoja ya chemchemi ndiyo iliyowalainisha wengi, kwa kuwa Mpare hahitaji kufundishwa thamani ya maji. Wazee wetu walichimba ndiva, mabwawa yanayokusanya maji ya kijito usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe kuingia mifereji, kila familia na zamu yake. Asiyefika kuzibua mfereji siku ya kazi alitozwa, na aliyeiba zamu alijulikana. Ule nao ulikuwa uongozi, tena wenye kumbukumbu kali kuliko yetu ya simu.

Kuhusu shamba, tuliambiwa kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu Halmashauri ya Kijiji kutoa hakimiliki ya kimila si kwa mtu mmoja tu bali pia kwa familia au kundi. Hilo lilitupa matumaini, hadi tulipoketi kuamua kundi hilo ni akina nani. Kanuni za sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo bila kuiuza, na wazee wetu wengi bado wanaishi katika kanuni hizo, ingawa sheria ya 1999 inasema haki ya mwanamke katika ardhi ni sawa na ya mwanamume. Mabinti wa ukoo hulipa ada ileile, tena mapema kuliko kaka zao. Daftari langu ni shahidi.

Ili kuikamilisha orodha ya watu wa kundi hilo nilikwenda Mbagala kwa shangazi, ambaye amevuka miaka themanini na anayafahamu makaburi yote. Nilimkuta barazani na ungo wa mchele mapajani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekuja na daftari, basi hujaja kunisalimia."

Alianzia mlangoni kwa babu, akateremka kwenye migomba, akafuata mimea ya masale iliyopandwa mpakani, yote hayo akiwa ameketi palepale, macho kwenye ungo. Kwa kila kaburi alilolitaja alitoa chuya moja na kuiweka kwenye ukingo wa baraza. Alipomaliza zilikuwa chuya kumi na saba. Daftari langu lilikuwa na majina kumi na moja. Tulilinganisha moja baada ya jingine, na waliokosekana wakawa wanawake wanne na watoto wachanga wawili, mmoja akiwa ndiye mzaliwa wa kwanza wa babu, ambaye sisi sote tulikuwa hatujui kama aliwahi kuzaliwa.

"Na mimi umeniandika?" aliuliza.

Nilikuwa nimemwandika. Nilimwonyesha jina lake, limesimama peke yake, na chini yake mstari mtupu, kwa kuwa daftari nililorithi halina safu ya watoto wa binti. Aliutazama mstari ule kwa muda, akarudi kwenye mchele wake.

Safu hiyo nimekwisha ichora, kwa penseli. Wazee wawili wamenipigia simu kuniambia kwamba watoto wa binti wana ukoo wao na daftari lao. Ajenda yake ni ya pili Jumapili ijayo, baada ya misiba.