Likizo yetu ya Desemba

Mimi na mume wangu tunatafuta mtoto kwa mwezi wa 14 sasa, na muda wote huo niliogopa kupanga likizo, kwa kuwa kila tarehe niliyoitazama kwenye kalenda niliiuliza kwanza kama siku hiyo nitakuwa mjamzito.

Yeye alitamani tupande Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, mlima tunaouona kila asubuhi hapa Moshi mawingu yakiondoka. Nilikataa, naye akanielewa: kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyembamba, na sikutaka kufika huko nikiwa na mimba changa nisiyoijua. Tukachagua Pangani. Pwani nako kuna malaria, ambayo ni hatari kwa mjamzito, kwa hiyo nilizungumza na muuguzi kabla ya kukata tiketi za basi, akasisitiza chandarua chenye dawa, nisimeze dawa yoyote bila kuuliza, na niendelee na vitamini ya foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku.

Siku za rutuba zitaangukia katikati ya safari. Yai huishi takribani saa 24 tu, lakini mbegu za kiume zinaweza kuishi hadi siku 5, jambo lililonipa utulivu mkubwa, maana nilikuwa nimechoka kuhesabu saa.

Januari tutamwona daktari, kwani mwaka umeshapita. Pangani tutakwenda hata hivyo. Nikiwa nimeshika mimba, tutakwenda polepole zaidi.