Siku moja na europiamu: kuhesabu maji kwa mwanga

Ndugu zangu nyumbani huwa wanauliza huko Uingereza unasomea nini hasa, haya leo nawapitisha siku yangu: nahesabu molekuli ngapi za maji zimeishika europiamu, metali ambayo huwaka jekundu.

Saa tatu asubuhi niko maabara, nawasha spektromita, mashine ya kupima mwanga, mapema maana taa yake ya zenoni inataka kupata moto kwanza, halafu natoka nje kunywa chai, humu ndani hata peremende marufuku.

Saa nne nayeyusha kompleksi yangu, yaani europiamu katikati, ligandi (molekuli inayoishika) imeizunguka. Europiamu yenyewe kunyonya mwanga ni mvivu, ligandi ndo inanyonya halafu inaipasia. Nikiimulika kwa taa ya UV kichupa kinawaka jekundu, aisee mpaka leo sijazoea.

Saa tano mpaka saa saba ni kupima. Ung'avu peke yake siuamini kivile, ukiongeza dawa unapanda tu, mimi nataka mwanga unadumu muda gani baada ya taa kuzima. Maji yaliyoishika europiamu yana bondi za O–H zinazotikisika na kuiba nishati, kwa hiyo yakiwa mengi mwanga unakufa chap. Naanza na chumvi tupu ya europiamu kuhakiki mashine, milisekunde 0.11 hivi, safi. Halafu naangalia spektra, yaani mwanga uliotawanywa kwa rangi zake: mstari wa nanomita 592 hautikisiki sana, ila ule wa 615 ni mmbea, jirani akibadilika kidogo tu unasema.

Saa saba wali maharage wa jana, maikrowevu ina foleni.

Saa nane zamu ya maji mazito, yale ambayo hidrojeni yake ni ile nzito, deuteriamu (D). Bondi za O–D zinatikisika taratibu zaidi hazili nishati sana, chumvi ileile inapita milisekunde 3! Kero ni kwamba maji haya yanachanganyika na unyevu wa hewani, na ni ghali, basi unafungua chupa, unavuta, unafunga, hakuna stori hapo.

Saa kumi hesabu, kanuni ya wanakemia Horrocks na Sudnick ya 1979: unageuza muda kuwa kasi (1 gawanya kwa milisekunde), unatoa ya maji mazito kwenye ya maji ya kawaida, unazidisha kwa 1.05 hivi. Jibu ni idadi ya molekuli za maji: chumvi tupu inatoa kama 9, kompleksi yangu karibu 2. Inaeleweka, kati ya nafasi 9 ligandi imekamata 7, maji yamejaza zilizobaki.

Saa kumi na moja msimamizi anapita, anaangalia, anasema kesho weka bikabonati tuone kama itayafukuza hayo maji yote mawili. Nimeshapima poda, naosha kyuveti, kile kichupa cha kupimia, naondoka.