Jinsi nilivyomzoesha mtoto wa mjusi-ndevu kushikwa

Kila nilipofungua kizimba alitimua mbio, akajibana nyuma ya gogo, kidevu kikageuka cheusi tii. Nilijaribu glavu, nikajaribu kumwacha kwanza apoe, nikajaribu hata kumhonga nyenje. Nyenje alikula, mkono aliukimbia vilevile.

Tatizo lilikuwa upande ambao mkono ulitokea. Utosini ana kijidoa kidogo kama punje ya ufuta, nacho ni jicho la tatu. Halioni sura, ila linahisi mwanga na kivuli, na huko kwao Australia kivuli kinachoshuka kutoka juu huenda ni ndege aliyekuja kumla. Kizimba changu kilifunguka kwa juu! Nikabadilisha, nikaweka chenye mlango wa mbele.

Sasa nasubiri kwanza aote joto chini ya taa. Kisha naingiza mkono kutoka mbele, chini kabisa, naulaza hapo bila kumfuata. Akitulia, napitisha vidole chini ya kifua na kumnyanyua miguu yote minne ikikanyaga kiganja. Hilo la miguu usilipuuze: hata mmoja ukining'inia, anaanza kupapatika. Mkia siugusi, maana ukikatika hauoti tena. Namrudisha baada ya dakika chache, kabla hajahangaika, halafu nanawa mikono kwa sabuni kwa sababu ya salmonela, bakteria wanaoumiza tumbo.

Siku hizi anapanda kiganjani mwenyewe. Nikivaa kofia bado hunikodolea macho, basi naivua.