Ukuta wa nyuma ya nyumba, Rau: wiki ambayo sururu ilitoboa bomba la jirani

Wiki hii ukuta haukuongezeka hata jiwe moja, na kazi yote iliyofanyika ni ya kurekebisha nilichokiharibu mwenyewe. Kwa wanaoanza kufuatilia mradi huu sasa: kiwanja chetu kiko Rau, Moshi, kwenye mteremko, nami ninajenga ukuta wa mawe wa kuzuia udongo wenye urefu wa mita 14 na kimo cha mita 1.2, kwa kuwa masika iliyopita tope liliteremka mpaka kwenye ngazi za jikoni. Wiki mbili zilizopita tulikata ukingo na kusawazisha sehemu ya kuwekea msingi. Kilichobaki kilikuwa mtaro wa msingi wenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 70.

Jumanne, kwenye saa tatu asubuhi, nilikuwa nimefika kina cha sentimita 35 hivi. Udongo wetu una mawe mengi ya volkano, kwa hiyo sikio huzoea mlio wa sururu inapogonga jiwe. Safari hii haikulia. Ilizama kama imechoma kitu laini, na nilipoichomoa maji yaliruka mpaka kifuani. Nilikimbilia mita yangu barabarani nikafunga koki, nikarudi nikiamini kwamba nimeyamaliza, lakini yalikuwa yanatoka kwa nguvu ileile. Ndipo nilipoelewa kwamba bomba lile halikuwa langu.

Pale barabarani kuna mita nne zilizopangwa pamoja, na mimi nilikuwa najua ya kwangu tu. Nilichofanya, na ninakiandika kwa sababu kilisaidia kuliko kubahatisha, ni kutazama vigurudumu vidogo vya mita zile tatu nyingine. Viwili vilikuwa vimetulia; cha tatu kilikuwa kinazunguka kwa kasi hata meno yake hayaonekani. Nilifunga koki ya mita hiyo na mtaro ukanyamaza. Maji yalikuwa yamemwagika kwa takriban dakika ishirini. Moshi hupata maji yake mengi kutoka kwenye chemchemi za miteremko ya Kilimanjaro, nayo huteremka kwa uzito wake, ambapo kila mita 10 za tofauti ya kimo huongeza msukumo wa karibu bar moja. Tundu lenye ukubwa wa ncha ya sururu, chini ya msukumo wa namna hiyo, halivujishi maji bali linayatapika.

Mwenye mita alikuwa bibi wa nyumba iliyo nyuma yetu. Nilimkuta ameshika ndoo tupu mlangoni.

«Shikamoo, Bibi.»

«Marahaba, mwanangu. Maji yamekatika kote au ni kwangu peke yangu?»

Nilimweleza ukweli wote, na nikamwahidi kwamba ningelipia uniti mbili (uniti moja ni lita 1,000) kwenye ankara yake, ingawa kwa makadirio yangu iliyopotea ilikuwa moja na ushee. Hakunigombeza. Alichukua fimbo yake, tukashuka pamoja mpaka mtaroni, akanionyesha mahali ambapo bomba linapita. Marehemu mumewe ndiye aliyelitandaza, kwa ruhusa ya mdomo ya mwenye kiwanja wa wakati huo, na alilizungusha kuukwepa mparachichi mkubwa uliokuwa katikati ya kiwanja. Mparachichi ulikatwa kabla sijanunua. Kona ya bomba ilibaki, na aliyeikumbuka ni yeye tu.

Kina nacho kilinisumbua, kwa sababu Bibi alisisitiza kwamba mumewe alichimba mpaka kiunoni. Nilirudia vipimo vyangu vya mwanzo na hesabu ikakubaliana naye: bomba lilikuwa chini ya sentimita 80 za udongo, na sentimita 45 kati ya hizo nilizikata mwenyewe wakati wa kusawazisha. Nilikuwa nikichimba kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba mabomba huwa yako mbali chini, ilhali nilikuwa nimeshafuta zaidi ya nusu ya umbali huo. Hili ndilo kosa hasa la mradi huu. Sururu ilikuja baadaye tu.

Kijana anayenisaidia alipendekeza tufunge tundu kwa mpira wa tairi, kama inavyofanyika mitaani kwetu kote. Nilikataa, na sababu zangu ni mbili. Ufungaji huo huendelea kudondosha, na maji yanayodondoka chini ya msingi hulainisha udongo unaobeba ukuta. La pili ni zito zaidi: maji ya mgao yanapokatika msukumo hushuka, na bomba lenye ufa laweza kuvuta maji ya tope yaliyolizunguka, ambayo baadaye hutoka kwenye bomba la jikoni la mtu mwingine. Usiku ule nilivuta mpira wa bustani kutoka kwangu nikamjazia Bibi mapipa yake mawili.

Jumatano tulikuja na fundi bomba. Bomba ni la plastiki nyeusi lenye mistari ya bluu, milimita 32. Yeye alikuwa tayari kukata kipande kilichotoboka na kuweka kiungo kimoja cha kukaza kwa nati, kazi ya nusu saa. Nilimwomba asifanye hivyo, kwa sababu kiungo hicho kingekaa ndani kabisa ya msingi wa mawe, na siku kitakapolegea ingebidi ukuta ubomolewe. Tulikubaliana kuondoa mita nne nzima na kuweka bomba jipya lisilo na kiungo kati, likipita ndani ya bomba la PVC la inchi 3 litakaloachwa kwenye msingi kama ala. Viungo viwili vimekaa nje ya ukuta, kimoja kila upande, mahali panapoweza kufukuliwa kwa koleo. Siku za mbele likiharibika, litachomolewa na jipya kuingizwa bila kugusa jiwe.

Kabla ya kukata, tulichimba zaidi chini ya bomba kiasi cha sentimita 20 na kuyachota maji yote, ili tope lisiingie kwenye ncha zilizo wazi. Fundi alikata ncha kwa unyoofu, akazilainisha kwa kisu na kuweka alama inayoonyesha bomba liingie kiasi gani ndani ya kiungo. Bila alama hiyo mtu hudhani limeingia lote kumbe limeishia kwenye pete ya mpira. Kisha tulifungua koki taratibu, tukayaacha maji yatoke kwenye bomba la nje la Bibi mpaka yakawa meupe kabisa, na nikamwomba ayachemshe ya kunywa kwa siku chache.

Tuliviacha viungo bila kuvifukia hadi Alhamisi asubuhi, mabomba yote ya nyumbani kwake yakiwa yamefungwa. Kigurudumu cha mita hakikusogea. Ndipo tulipolaza mchanga chini na juu ya bomba, tukarudisha udongo nje ya eneo la msingi, na kuweka utepe mwekundu wa tahadhari sentimita 30 juu yake.

Zilizobaki ni mita sita za mtaro. Ijumaa nilichimba mashimo matatu ya majaribio, yakikata mstari ambao Bibi aliuonyesha kwa fimbo, nikitumia koleo peke yake. La pili lilifichua bomba sentimita 15 tu kutoka mahali aliposimamisha fimbo. Babu zetu wa Kichagga walijua kila mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, unapita shamba la nani na siku yake ya maji ni ipi, lakini mfongo unaonekana kwa macho; bomba lililofukiwa halionekani. Kwa hiyo nimechora ramani ya kiwanja yenye vipimo kutoka kona mbili za nyumba, pamoja na kina kutoka uso wa sasa, na nakala moja nimempelekea Bibi. Ameiweka kwenye mfuko wa hati zake za kiwanja. Jumamosi mawe yanaanza kupangwa.