Ngurumo Ndani ya Theluji

Bwana asifiwe, wapendwa. Somo la juma hili ni Ayubu 37, mstari wa 1 hadi wa 7. Lisomeni kwanza, ni fupi.

Sura hii nimeipitia mara nyingi bila kuona kitu kilichokuwa wazi mbele yangu. Katika mstari wa 5 Elihu, yule kijana aliyekuwa akizungumza na Ayubu, anasema Mungu hunguruma kwa namna ya ajabu. Mstari wa 6, hata hajavuta pumzi, anasema Mungu huiamuru theluji ianguke juu ya nchi. Nilidhani anakusanya tu maajabu ya mbinguni kapu moja, maana radi tunaijua kuwa ya mvua, na theluji huanguka kimya. Kumbe kuna dhoruba ambamo viwili hivyo huja pamoja.

Ni nadra. Wingu la theluji kwa kawaida limetanda na kutulia, hewa yake haipandi kwa nguvu. Lakini hewa ya baridi kali ikipita juu ya maji yasiyoganda, kama yale Maziwa Makuu yaliyo kati ya Marekani na Kanada, hupata joto na unyevu kutoka chini, ikaanza kupanda kwa kasi. Humo winguni vipunje vya barafu na chembe nyepesi zaidi hugongana, hivi vikibaki na chaji hasi na zile chanya, mpaka umeme upige. Upande wa Japani unaotazama Bahari ya Japani, watu wamezizoea radi za majira ya baridi hata wakazipa jina: yukiokoshi, yaani kiamsha theluji.

Kilichonishika zaidi ni sauti. Radi ya mvua husikika hata kilomita 15. Hii ya theluji mara nyingi haivuki kilomita 3 au 5, kwa sababu theluji humeza sauti. Ile laini iliyokwisha kulala chini imejaa vijinafasi vya hewa, na mshindo ukiingia humo hautoki. Aliye mbali huenda akaona wingu limemulika tu, basi. Aliye karibu husikia mshindo mzito na mfupi, kama gunia limedondoshwa ghorofa ya juu, na katika ule mwanga wa ghafla kila chembe ya theluji huonekana imesimama hewani. (Ukiusikia mshindo huo, ujue umeme uko jirani. Ingia ndani. Imani si paa.)

Sisi wahubiri tunaipenda mno 1 Wafalme 19, Eliya na ile sauti ndogo ya utulivu. Tumeifanya kanuni: Mungu hangurumi, hunong'ona. Mimi mwenyewe nimeihubiri hivyo, na watu wakasema amina. Lakini huenda mara nyingine sauti ni kubwa kwelikweli, ila haifiki mbali. Katika Yohana 12 sauti ilitoka mbinguni, na umati uliosimama pale pale ukasema ni ngurumo tu. Wengine wakasema ni malaika. Kwa hiyo dada akisimama kushuhudia kwamba Mungu alisema naye katikati ya msiba wake, tusimtazame kwa jicho la shaka kwa kuwa sisi hatukusikia kitu. Sisi tulikuwa wapi? Yeye ndiye aliyekuwa chini ya wingu.

Halafu mstari wa 7, ambao tunauruka: Mungu huufunga mkono wa kila mtu, ili watu waijue kazi yake. Dhoruba ya theluji hufanya hivyo hasa. Njia zinazibwa, shamba linalala, mwenye haraka zake anabaki ndani. Elihu hakusema Mungu huwapumzisha. Alisema huwafunga mikono, na aliyefungwa mikono hakuomba kufungwa.

Ayubu alikuwa katika hali hiyo tangu sura ya 2, ameketi majivuni. Sura ya 38 dhoruba inafika, Bwana anamjibu kutoka katika upepo wa kisulisuli. Katika mstari wa 22 anamuuliza kama amewahi kuingia katika ghala za theluji. Mistari mitatu mbele, anamuuliza ni nani aliyeupasulia umeme wa radi njia yake. Theluji na radi tena, safari hii kinywani mwa Mungu mwenyewe.

Ayubu, ambaye kwa sura nyingi alikuwa amedai nafasi ya kujitetea, alipopewa nafasi hiyo aliuweka mkono wake kinywani.