Waimbaji wa Broadway kwenye jukwaa la shule: tafuta mpiga piano kwanza

Ukisema unataka kuandaa tamasha la kuchangia kilabu cha maigizo cha shule, ushauri wa kwanza utakaopewa ni huu: tafuta jina kubwa, mengine yatajipanga. Nimeusikia kwa wazazi, kwa walimu, hata kwa jamaa mmoja aliyewahi kuuza tiketi Manhattan na tangu hapo anajiona mzee wa Broadway, zile kumbi kubwa za maigizo za New York. Ni ushauri mbovu. Jina kubwa lina wakala, na wakala hajibu barua za kamati ya wazazi. Shule yetu ni ya serikali, hapa New Jersey, mwendo wa treni kutoka New York. Tulipata waimbaji watano wanaofanya kazi Broadway au waliotoka huko karibuni, na hakuna hata mmoja aliyekuja kupitia wakala. Wote waliletwa na mpiga piano.

Sababu utaielewa ukiijua kazi yao. Mwimbaji wa tamthilia za muziki haogopi kuimba bure jioni moja. Anachoogopa ni kusimama mbele ya watu mia nne huku mtu asiyemjua anampigia wimbo wake kwa mwendo wa jeneza. Akisikia kwamba atakayepiga ni fulani, yule anayemfanyisha mazoezi ya sauti kila wiki, anauliza saa tu. Wapiga piano wa aina hii wako wengi New York: mchana wanafanya kazi na walimu wa sauti na kwenye usaili, jioni wanashika nafasi za wenzao katika okestra za maonyesho. Waulize walimu wa sauti. Mlipe mpiga piano vizuri na mapema. Kwetu ilikuwa dola mia kadhaa, na mwenye jina atataka zaidi. Waimbaji tuliwapa nauli, chakula na chumba chenye kioo na mlango unaofungika. Hakuna aliyenung'unika.

Tena usikimbilie wanaoongoza igizo. Kila onyesho kubwa lina watu wanaoitwa swingi, wenye kujua nafasi nyingi za kundi la waimbaji kwa moyo na kuingia jukwaani mwenzao akiugua. Kuna na akiba wa wahusika wakuu. Hawa wameshaimba nyimbo kubwa mbele ya ukumbi uliojaa, sauti zao ni zile zile, na ni wepesi kukubali. Kwenye bango wanaandikwa "kutoka Broadway", nao ni ukweli mtupu. Yule muuza tiketi wa Manhattan alituambia watu hawatalipia mtu wasiyemjua. Walilipa. Nitaeleza kwa nini chini, maana sababu haikuwa waimbaji.

Siku ni Jumatatu. Waigizaji wa Broadway hufanya maonyesho nane kwa wiki, na kumbi nyingi hupumzika Jumatatu. Si zote, kwa hiyo uliza kila mmoja. Epuka Jumatatu za sikukuu, kwani wiki hizo ratiba hubadilishwa na shule yenyewe imefungwa. Epuka pia Aprili hadi mwanzo wa Juni, wakati maonyesho mapya yanafunguliwa na tuzo za Tony, zile za maigizo ya Broadway, zinasogea. Kila mtu ana mazoezi, kupiga picha, mahojiano. Mwanachama wa Actors' Equity Association, chama cha wafanyakazi cha waigizaji, anaweza kuhitaji ruhusa ya chama chake au ya mwajiri kabla ya kuimba kwenye hisani, basi mpe barua rasmi ya shule yenye tarehe, mahali na pesa zinakokwenda, umwachie aipeleke mwenyewe.

Sasa leseni ya kuimba nyimbo za wengine, kwa sababu hapa ndipo kila mtu hugeuka wakili. "Ni hisani, hakuna haja ya leseni." Kuna chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo hatari. Sheria ya hakimiliki ya Marekani, kifungu cha 110(4), inaruhusu muziki usio wa kuigiza kupigwa bila leseni kwenye tamasha ambalo mapato yake, baada ya kutoa gharama halali, yanakwenda kwenye elimu, dini au hisani peke yake. Lakini sharti jingine linasema asilipwe mtu yeyote kwa onyesho hilo: si mwimbaji, si mpigaji, si mwandaaji. Ukimlipa mpiga piano, msamaha umekwisha. Na hata usipomlipa, mwenye haki akiandika barua ya kukataa angalau siku saba kabla, umekwisha vile vile. Sisi tulikuwa tunamlipa mpiga piano, kwa hiyo tulishika njia ya leseni za ASCAP na BMI, mashirika yanayowakusanyia watunzi malipo ya nyimbo zao. Kabla hujalipa, uliza ofisi ya wilaya ya shule, maana huenda tayari wanazo kwa ajili ya kwaya na bendi na hakuna aliyekuambia.

Leseni hizo zina mpaka. Wimbo mmoja mmoja, mwimbaji kasimama na maiki, ni sawa. Ukimvisha nguo za mhusika, ukaweka mazungumzo yanayoingia kwenye wimbo, au ukapanga nyimbo nne za igizo moja zikasimulia kisa, sasa unaigiza, na ruhusa inatoka kwa wanaosimamia igizo lenyewe, kama Music Theatre International au Concord Theatricals. Kwa hiyo tuliweka kanuni: nyimbo zisizozidi mbili kwa igizo moja, zitenganishwe, na hakuna kofia wala fimbo. Mwalimu wa drama alitaka kofia. Alikataliwa. Kurusha mubashara mtandaoni ni haki nyingine tena, na leseni za ukumbini haziigusi. Tuliandika kwenye programu ya tamasha kwamba video haziruhusiwi, na simu zikatulia kiasi.

Kuna mzazi mmoja kwenye kamati, mpenda hesabu, aliyeona bei ya mpiga piano akaja na wazo la kuokoa pesa: muziki uliorekodiwa, ule wa kununua mtandaoni, unachezwa kutoka kompyuta ya shule. Tukajaribu kwa mwimbaji mmoja aliyekubali kuja mapema. Wimbo ulirekodiwa katika ufunguo wa igizo la asili, yaani kimo cha sauti wimbo unapoimbwa. Yeye huuimba toni moja chini. Fundi akaushusha kwa programu ya kompyuta, na filimbi zikaanza kutetemeka kama zina homa. Akaimba hivyo hivyo. Akafika pale ambapo kila mwimbaji duniani hushika noti na kuikalia hadi watu wapige makofi. Akaishika, muziki ukaendelea na safari yake bila yeye. Alipoufukuza akaukuta umeshaingia ubeti wa mwisho. Mara ya pili akaamua kutoshika noti, akawahi, akawa anausubiri muziki huku anatutazama. Katikati ya mara ya tatu kompyuta ikatangaza kwa sauti ya spika za ukumbi mzima kwamba kuna sasisho jipya. Mpenda hesabu alihamishiwa kitengo cha maegesho, na huko alifanya kazi nzuri sana.

Noti zilizoandikwa ziombwe wiki mbili kabla, kila mwimbaji atume faili ya PDF katika ufunguo wake mwenyewe, ikiwa na alama za mahali anapokata. Usiamini kitabu cha nyimbo cha dukani. Ufunguo wake mara nyingi si wa onyesho wala wa mwimbaji wako. Angalia kingo za kurasa: noti za mkono wa kushoto zikikatwa na mashine ya kunakili, mpiga piano ataziona zimekatwa siku ya tamasha. Wawili wakichagua wimbo mmoja, aliyetuma kwanza ndiye mwenye wimbo, na kanuni hii iandikwe kwenye barua ya mwaliko, la sivyo utakuwa hakimu. Kila mwimbaji nyimbo mbili, kisha nyimbo tatu pamoja na wanafunzi: jumla kumi na tatu, kama dakika hamsini za kuimba. Ongeza maneno ya katikati na changizo, unapata saa moja na nusu bila mapumziko. Mapumziko hula watu. Wenye watoto wadogo hawarudi, hasa usiku wa Jumatatu.

Piano ya shule ilikuwa imekaa pembeni ya jukwaa ikibebea masanduku. Isogeze mahali pake pa mwisho siku mbili kabla, washa joto au ubaridi wa ukumbi kama utakavyokuwa usiku ule, ndipo umwite fundi aipange sauti asubuhi ya tamasha. Ukiipanga kwanza na kuisogeza baadaye, umetupa pesa. Mwambie fundi aangalie pia pedali. Mlio wa pedali unasikika hadi safu ya kumi kwenye wimbo wa taratibu. Zoezi la kila mwimbaji na piano lilikuwa dakika ishirini, kuanzia saa tisa alasiri, na aliyetoka mbali zaidi aliwekwa mwisho kwa sababu treni za kuelekea New Jersey zina tabia zao.

Kwenye sauti, waimbaji wapewe maiki za mkononi, si za kubandika. Mwimbaji mzoefu huisogeza maiki mwenyewe anapopaza, na kazi ya fundi inapungua nusu. Tulitumia tano zisizo na waya na mbili za waya zikingoja pembeni. Kagua namba zilizoandikwa nyuma ya maiki za zamani za shule: tangu Julai 13, 2020, maiki zisizo na waya haziruhusiwi Marekani kati ya megahezi 617 na 652, wala kati ya 663 na 698. Masafa hayo sasa ni ya simu. Kabati la shule yetu lilikuwa na nne za namna hiyo. Wilaya nyingi bado zinazo, na mwalimu analalamika kila mwaka kwamba maiki "zina pepo". Betri mpya ziwekwe saa kumi na mbili jioni hata kama za zoezi zinaonyesha zimejaa.

Spika zilianza kupiga mluzi watoto walipoingia. Kwaya ya watoto thelathini inahitaji maiki za kuninginia juu yao, na maiki hizo zinasikia kila kitu, pamoja na spika za sakafuni zinazowarudishia waimbaji sauti. Dawa yake ni kuzifungua pale tu watoto wanapoimba, kushusha spika za sakafuni kwa nyimbo hizo tatu, na kutorudisha sauti ya kwaya kwenye spika hizo hata waombe vipi. Wape piano tu. Maiki mbili zinatosha, na umbali kati yake uwe angalau mara tatu ya umbali wa kila moja hadi midomo ya watoto; zikikaribiana zaidi ya hapo sauti inakuwa nyembamba, kisha mtu analaumu piano.

Na watoto hao ndio waliouza tiketi. Waimbaji walikuja mapema, wakafanya somo la wazi la dakika tisini na wanafunzi, kisha wanafunzi wakapanda jukwaani kuitikia nyimbo tatu. Mtoto mmoja jukwaani ni mama, baba, shangazi na jirani kwenye viti. Zidisha kwa thelathini. Bango likitaja kwaya ya watoto, ukumbi umejaa nusu kabla hujabandika la pili. Wimbo uliofundishwa uwe na kiitikio kifupi chenye sauti mbili, si nne, na mwalimu wa kwaya awe ameshaufundisha wiki tatu kabla, katika ufunguo wa mgeni.

Changizo likae mara tu baada ya wimbo ambao mwanafunzi mmoja anaimba na mgeni, si mwisho wa usiku watu wakitafuta funguo za gari. Wakenya tunaijua hii kutoka harambee. Anza juu ushuke: dola elfu moja, mia tano, mia mbili na hamsini, mpaka ishirini na tano, na kwa ngazi mbili za juu uwe na watu uliokwisha kuongea nao. Kila kiasi kitajiwe kitu: hii inakodi maiki ya shavuni kwa wiki ya maonyesho, hii inalipia mbao za jukwaa. Mwendesha changizo asiwe mwalimu mkuu, maana huhutubia. Kwetu alikuwa mwimbaji mmoja mchekeshaji, na mpiga piano akaendelea kupiga polepole nyuma yake. Ukimya ukiingia hapo, mikono inashuka.

Bahati nasibu tuliiacha. New Jersey inataka shirika lisajiliwe kwa tume ya michezo ya bahati na kupata leseni ya mji, na hayo huchukua wiki nyingi. Tuliweka mnada wa kimya mlangoni: programu zilizosainiwa, somo la sauti la saa moja, ziara ya nyuma ya jukwaa, yote yametolewa bure na waimbaji wenyewe. Kwa tiketi za wafadhili, kumbuka kodi. Mtu akilipa zaidi ya dola 75 na akapata kitu, shirika la hisani lazima limwandikie thamani ya alichopata. Tiketi ya dola 100 kwa tamasha la thamani ya dola 40 inampa mchango wa dola 60, hata kama waimbaji waliimba bure. Na kuanzia dola 250 mtoaji hawezi kudai punguzo bila barua ya shukrani yenye maelezo, basi barua hizo ziandaliwe mapema.

Pesa zilipitia shirika la wazazi, si akaunti ya jumla ya shule, na kwenye kumbukumbu za kikao ziliandikwa kuwa ni za drama peke yake. Zimelipia leseni ya igizo la majira ya machipuko na kukodi maiki za shavuni. Zilizobaki zingali benki. Kamati inabishana kati ya kununua piano nyingine na kubadilisha taa, na mpenda hesabu amerudi kutoka maegesho na jedwali lake.